Baiskeli Isiyoazimwa

Vijana wa dawati la madai, siku ile ya kuniaga mliniomba niwaandikie namna tulivyokuwa tukikagua baiskeli. Najua mlikuwa mnanitania. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuona hati ya bima ya baiskeli, na mkiiona mtadhani ni mzaha wa wakoloni. Lakini mmenipa saa ya ukutani, mimi ambaye sina tena pa kuwahi, na kila ikigonga inanikumbusha kwamba sijafanya mlichoniomba. Basi nimekaa naandika. Anayetaka habari za kupanda cheo amtafute mtu mwingine, maana za kwangu mnazijua na hazijai ukurasa.

Nilianza kazi miaka ya hamsini, kule Uhindini, katika ofisi ya wakala wa bima iliyokuwa ghorofani juu ya duka la baiskeli. Chini unanunua baiskeli, unapanda ngazi unaikatia bima, na ukishuka umeshakuwa mtu mwenye mali na mwenye wasiwasi. Nilikuwa nimetoka kusini, kwenye shule ya misheni, nikijua kusoma, kuandika na Kiingereza cha kuombea kazi. Goti langu la kushoto halikunji tangu nilipoanguka kutoka kwenye mkorosho nikiwa mdogo, kwa hiyo mkaguzi wa baiskeli wa ofisi ile hakuwahi kupanda baiskeli hata siku moja. Nilidhani jambo hilo litaninyima kazi. Karani mkuu, Mzee Manilal, aliutazama mguu wangu kwa makini kisha akasema, "Vizuri. Huyu hatatoroka na mali ya mteja."

Manilal alikuwa Mhindu wa makamo, mwembamba, mwenye kofia nyeusi na chakula chake cha mchana kwenye vyombo vya bati vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Siku ya kwanza hakunipa kalamu. Alinishusha dukani, akapindua baiskeli magurudumu juu, akanipa brashi ya waya na kitambaa chenye mafuta ya taa, akaniambia nitafute namba. Namba ya fremu ilichongwa chini kabisa, pale pedali zinapokutana, mahali ambapo tope hujaa na mwenye baiskeli hapatazami mpaka siku anapoibiwa. Unasugua mpaka chuma kionekane, unaweka karatasi juu, unapitisha penseli kwa ubavu, na namba inatokea yenyewe. Nilitoka pale nikiwa mweusi mpaka kwenye kola, na hilo ndilo shati pekee nililokuwa nalo la kuanzia kazi.

Baiskeli tulizozikatia bima hazikuwa baiskeli za mchezo. Zilikuwa za Kiingereza, nyeusi, zenye gia tatu, taa ya dinamo na kiti cha ngozi chenye springi. Mtu alijinyima miaka kupata moja. Ukikatisha nayo Mtaa wa Kongo, watu waliokuzidi umri walitangulia kukusalimu. Wezi nao waliiheshimu kwa namna yao. Ikichukuliwa Kariakoo asubuhi, ikifika jioni gurudumu la nyuma liko Ilala, taa iko Buguruni, na fremu imeshapakwa rangi ya kijani kibichi.

Mzee Manilal alinifundisha kwamba mkaguzi mjinga huuliza baiskeli imenunuliwa kwa bei gani. Mkaguzi mwenye akili huuliza inalala wapi. Nyumba za Kariakoo mnazijua: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, na kila chumba kina familia yake. Baiskeli iliyolala ukumbini ililala na watu wote wa nyumba pamoja na wageni wao, kwa hiyo tuliikataa. Tulitaka ilale chumbani, na watu wakaitii kampuni. Nimewahi kukagua chumba ambamo baiskeli ilikuwa imebanwa kati ya kitanda na ukuta, na mke wa mwenye baiskeli akanigombeza mimi, kana kwamba ni mimi niliyewapangia pa kulala.

Hati yenyewe ilikuwa na masharti mengi, lakini mawili ndiyo yaliyoleta vilio. La kwanza, baiskeli ifungwe kufuli kila mwenye nayo anaposhuka. La pili, asiazimwe mtu mwingine yeyote. Aliyeyaandika alikuwa Ulaya, na sidhani kama alikuwa mtu mbaya. Alikuwa hajui tu msiba wa Kariakoo.

Nyinyi siku hizi mkifiwa mnapiga simu, au mnapeleka tangazo redioni. Wakati ule mtu akifa alfajiri alitakiwa awe amezikwa jioni, na ndugu zake wametawanyika Temeke, Magomeni, Buguruni mpaka Mbagala, ambayo ilikuwa bado ni shamba. Habari ilipelekwa kwa baiskeli. Mwenye baiskeli mtaani hakuombwa, aliambiwa, na kama hawezi kwenda mwenyewe alitoa baiskeli akaenda mwingine. Kumnyima mfiwa baiskeli kulikuwa ni kujitoa katika watu. Na jambo la pili, ambalo ilinichukua muda kumweleza Manilal: hakuna aliyefunga kufuli msibani. Unafika, unaiegemeza ukutani pamoja na nyingine, unaingia kuhani. Ukipiga magoti nje kufunga kufuli, umewaambia wenye msiba kwamba ni wezi.

"Lakini wanaiba hapohapo," Manilal alisema. "Madai mengi yanatoka misibani."

"Ndiyo, Mzee."

"Na bado hawafungi?"

"Hawafungi."

Alifunga chombo chake cha chakula bila kumaliza kula. "Basi tunauza mwavuli wa kiangazi," akasema, na tukaendelea kuuza.

Saidi Lipande alikuja ofisini kwa mara ya kwanza mwaka wangu wa pili kazini. Alikuwa mtu wa kwetu kusini, mkimya, mwenye mikono mirefu na harufu ya mkate mpya. Kazi yake ilikuwa kuchukua mikate ya boflo kwenye tanuri moja Uhindini kabla jua halijachomoza, kuipanga kwenye kikapu kikubwa nyuma ya baiskeli, na kuifikisha kwenye mahoteli na maduka ya Kariakoo ikiwa bado ya moto. Mwenye tanuri alitoa mikate, siyo baiskeli. Asiye na baiskeli hakuwa na kazi. Saidi alikuwa amechakaza mbili za hovyo, na sasa alikuwa amenunua ya maana.

Nilikwenda kuikagua anakoishi, Mtaa wa Mchikichi, katika nyumba ya bibi mmoja aliyeitwa Mwanahawa, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Saidi na mkewe Zuhura walikuwa na chumba cha kwanza kulia. Chumba cha kukabiliana nao kilikuwa cha Issa, kijana mwingi wa maneno, mchukuzi wa bandarini, asiye na mke wala haraka ya kuoa. Wote watatu walikaa ukumbini kunitazama nikisugua namba, na wakaanza kujadili kama bima ni kitu cha kukata au ni kitu cha kukimbia.

"Yaani unamlipa Mhindi akulindie baiskeli," Zuhura alisema, "na yeye mwenyewe kalala kwake Uhindini?"

"Hailindi, shemeji," Issa akadakia. "Ikiibiwa anakupa nyingine. Kata, kaka Saidi. Na ya mke ikipatikana, kata pia, maana huyu wako mtu akimwona anacheka tu anaweza kumchukua."

Zuhura alimrushia kandambili. Alikuwa mwanamke wa kucheka kweli, nasema hivyo kwa sababu nataka mjue. Saidi yeye hakucheka. Aliniuliza, "Isipoibiwa, hela yangu narudishiwa?" Nikamwambia hapana. Akafikiri. "Kwa hiyo natakiwa niombe iibiwe?" Hilo ni swali ambalo kwa miaka yote iliyofuata sikupata jibu lake zuri, na kama mmelipata nyinyi niandikieni.

Nikawasomea masharti. La kufuli lilipita. Nilipofika kwenye la kutoazima, Issa aliangua kicheko.

"Hata msiba?"

"Karatasi haisemi msiba," nikamjibu. "Inasema mtu yeyote."

"Sasa wewe karani, nyumba hii akifa mtu, kaka Saidi yuko kwenye mikate, baiskeli itabaki imekaa inatutazama?"

Saidi alinyoosha mkono kuchukua kidau cha wino. "Misiba Mungu ataiepusha," akasema, akaweka dole gumba. Issa ndiye aliyemshikia karatasi isicheze.

Haikuepushwa. Masika yaliyofuata Bi Mwanahawa alifariki usingizini. Saidi siku hiyo alikuwa kitandani, homa imemshika, meno yanagongana. Ndugu wa marehemu walikuwa Temeke. Issa aliingia chumbani mbele ya watu akasema, "Kaka, nipe ufunguo," na Saidi akauvua kiunoni akampa. Hakuna aliyefikiri mara mbili, na mimi ningekuwepo nisingefikiri pia.

Issa alifika Temeke, akaiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa nyumba ya kaka wa marehemu, akaingia kutoa habari. Mzee yule alimwangukia mikononi. Issa alimlaza, akamtafutia maji, akakaa naye mpaka majirani walipojaa. Alipotoka, ukuta ulikuwa mtupu. Alirudi Kariakoo kwa miguu, huku akificha uso kwenye shati, na watu waliomwona wakadhani anamlilia marehemu.

Maelezo niliyachukua mimi. Niliandika kama yalivyokuwa: homa, ufunguo, ukuta, mzee aliyeanguka. Manilal aliyasoma akaniambia tu, "Umeandika vizuri, na hatalipwa." Aliyapeleka kwa meneja, Mzungu aliyekuwa akija ofisini kwetu mara chache kutoka makao makuu. Meneja hakuwa mkali. Alieleza kwa upole kwamba baiskeli haikufungwa na tena iliazimwa, kwa hiyo sharti la kwanza limevunjwa na la pili limevunjwa. Kisha akaongeza jambo, nadhani kwa nia ya kusaidia. Kama yule kijana angekuwa ameichukua bila ruhusa, alisema, basi huo ungekuwa wizi wa kawaida na kampuni ingelipa. Bila shaka ingebidi iwepo kesi polisi, na jina la mwizi.

Manilal alimsindikiza meneja mpaka kwenye ngazi. Tulipobaki wawili akaniambia, "Nenda umwambie alichosema meneja. Usimwambie afanye nini."

Nilimkuta Saidi ukumbini, amepona homa lakini amekonda. Mwenye tanuri alikuwa amempa mpaka mwisho wa wiki. Baada ya hapo njia yake ya mikate ingepewa mtu mwingine, na alishakuwepo mtu, alikuwa amesimama pale tanurini kila asubuhi na baiskeli yake akisubiri. Zuhura alikuwa anachambua mchele. Issa alikuwa amekaa kizingitini kwake. Nikawaambia maneno ya meneja kama yalivyo, na nilipomaliza ikawa inasikika sauti ya mchele kwenye ungo.

"Siwezi," Saidi akasema.

"Andika," Issa akaniambia mimi.

"Issa, nyamaza."

"Nimeipoteza mimi, kaka. Mbele ya Mungu niliipoteza mimi. Andika nimeichukua bila kuuliza. Ni kosa la kwanza, watanitoza faini, faini utanilipia wewe ukishapata baiskeli, nitakula mkate wa bure mwaka mzima. Andika, karani."

Saidi alimtazama mkewe. Zuhura hakuinua kichwa. Alisema taratibu, "Mimi siwaambii kitu. Mtakachofanya ndicho tutakachoishi nacho humu ndani."

Wote tuliamini habari ya faini. Hata polisi kule kituoni walisema faini. Saidi aliweka dole gumba kwenye maelezo mapya, na safari hii Issa hakumshikia karatasi, ilibidi niishike mimi. Mahakamani Issa alikubali kosa kabla halijasomwa mpaka mwisho. Hakimu alisema wizi wa baiskeli umezidi mjini na kwamba anataka watu waone. Akamfunga, na kazi ngumu juu. Saidi alisimama akataka kusema neno, askari akamkalisha. Kama angesema ukweli pale angefungwa yeye kwa kudanganya, na Issa alikuwa akimtikisia kichwa kutoka kizimbani asiseme. Nimeona mambo mengi katika kazi hii, moto, ajali, watu waliozama. Hakuna lililonichukiza kama kile kichwa kikitikiswa.

Kampuni ililipa haraka. Nami nilipanda ngazi na kushuka na Saidi siku anachukua baiskeli mpya, ya aina ileile, rangi ileile, kengele inang'aa. Tulimsugulia namba chini. Alinishukuru kwa adabu na kuisukuma mpaka nje, na hakuipanda mpaka alipopita kona.

Mtaa wa Mchikichi haukumtenga. Nataka mlielewe hilo, maana wasimuliaji wengine wangewaambia walimtemea mate. Walimsalimu, walinunua mikate, walimpa pole homa ilipomrudia. Kilichobadilika ni kwamba hakuna aliyeigusa ile baiskeli. Ile ya kwanza watoto waliipigia kengele, fundi cherehani wa jirani aliiazima Ijumaa kwenda msikitini, na pampu yake ilikuwa pampu ya mtaa mzima. Sasa mtu akipata pancha alikwenda mitaa mitatu kutafuta pampu. Ukiipanda baiskeli ile, siku moja unaweza kuitwa mwizi mahakamani, na ushahidi upo tayari una dole gumba. Watu hawakulisema. Waliizunguka tu pale ilipo, kama mnavyozunguka shimo la choo.

Nilikuwa nimehamia Mtaa wa Sikukuu, karibu nao, kwa hiyo nilipita mara kwa mara. Saidi aliendelea kulipa kodi ya chumba cha Issa ili asikute kimechukuliwa, na Zuhura alikifagia. Issa alipotoka gerezani alikikuta kilivyo. Alikuwa amepungua, na maneno yake yalikuwa yamepungua zaidi. Bandarini hawakumchukua tena, maana waliuliza karatasi za polisi. Akawa anabeba magunia sokoni, mzigo kwa mzigo, na kikohozi alichotoka nacho ndani kikawa kinamtangulia kila anakokwenda. Alimsalimu Saidi kila asubuhi. Saidi alimwekea boflo mlangoni kila asubuhi. Zilikuwepo siku nilipita pale saa tatu na boflo lilikuwa bado limekaa kizingitini, na siku nyingine halikuwepo, na sikupata kujua kama alilila yeye au aliwapa kuku.

Halafu Zuhura akaugua tumbo. Alianza kwa kulalamika kidogo, akaendelea kuchambua mchele na kutania watu, kisha siku mbili hakuinuka. Saidi aliacha mikate akakaa naye. Siku ya tatu alfajiri nilisikia kilio kutoka Mchikichi nikajua ni mlango gani. Nilivaa nikaenda na goti langu.

Wanawake walikuwa ndani, wanaume wameanza kukaa kwenye mikeka nje. Ilikuwa siku ya kazi, wenye baiskeli zao mtaani walikuwa wameshaondoka nazo gizani kwenda bandarini na mjini. Baiskeli iliyobaki ni moja. Mzee wa msikiti aliuliza nani wa kuambiwa, tukasema mama yake Zuhura, yuko Mbagala. Akauliza nani atakwenda. Mfiwa hatoki kwenye msiba wake, hilo kila mtu alilijua.

Saidi aliingia ndani akaitoa baiskeli. Aliiegemeza ukutani mbele ya watu, akafungua kufuli, akaacha ufunguo ndani ya kufuli na mkono wake wazi. "Hiyo hapo," akasema. "Ndugu zangu, hiyo hapo."

Fundi cherehani alisema macho yake siku hizi hayaoni mbali. Mwingine akasema anaogopa malori ya barabara ya Kilwa. Mwingine akatazama chini akichora kwenye vumbi kwa kijiti. Mimi nililishika goti langu na sijawahi kulilaani kama siku ile.

Issa alitoka chumbani kwake akivaa shati. "Nitakwenda mimi," akasema.

Saidi alimsogezea baiskeli kwa mikono miwili. Issa hakuipokea.

"Nitakwenda, kaka, lakini siyo na hiyo. Askari wa njia ya Temeke wananijua. Wakinikuta juu ya baiskeli yako watanirudisha ndani, na safari hii sitatoka upesi."

"Nitakuandikia barua," nikamwambia. "Na mhuri wa ofisi nitakupatia."

Issa alinitazama bila chuki. "Hata ile iliyonifunga uliandika wewe, karani," akasema. Akafunga vifungo, akakohoa, akaondoka kwa miguu. Tulimtazama mpaka alipokata kona kuelekea barabara ya Kilwa, akiwa anakwenda mbio za kikohozi, hatua chache mbio na hatua chache polepole.

Kwa baiskeli ile angefika Mbagala na kumleta mama yule kwenye keria ya nyuma kabla ya adhuhuri. Zuhura alioshwa na kuvishwa sanda, adhuhuri ikapita. Mzee wa msikiti alituhurumia akasubiri mpaka alasiri. Jua lilikuwa kali, na baada ya alasiri akasema maiti hasubirishwi zaidi ya hapo. Saidi hakubisha. Alibeba upande wa mbele wa jeneza, akamzika mkewe, akarudi akakaa kwenye mkeka.

Siku nzima ile baiskeli ilisimama ukutani haijafungwa. Mtaa umejaa watu, wageni wanaingia na kutoka, na katika mji ambao hakimu alisema wizi umezidi, hakuna aliyeichukua. Niliitazama mara nyingi. Nadhani wapo wengine waliokuwa wanaomba kama mimi, kwamba aje mwizi aibebe.

Karibu na magharibi Issa alitokea akimshika mkono mwanamke mzee aliyejifunga kanga kiunoni, miguu yake yote miwili ni vumbi mpaka magotini. Hakukuwa na basi, walitembea. Mama yule aliwaona watu wamekaa kwa utulivu, akaona udongo mpya kwenye mikono ya wanaume, akaelewa kwamba mwanawe ameshazikwa. Hakupiga kelele. Aliwapita wote mpaka mbele ya Saidi, akasimama akihema. Kisha akageuka akaiona ile baiskeli ukutani. Akaitazama, akamtazama mkwewe.

"Saidi mwanangu," akasema, "si una baiskeli?"

Mtaa mzima ulikuwa umeinamisha vichwa. Issa ndiye aliyejibu, akiwa bado amemshika mama yule mkono.

"Ilipata pancha, mama," akasema. "Mbele na nyuma."

Mama aliitikia kwa kichwa, akakaa chini kwenye mkeka kando ya Saidi. Na sisi wote tulikuwa tunaiona baiskeli pale ilipo, kufuli wazi, magurudumu yote mawili yamejaa upepo.